Bastola ya Mama Wairimu

Enzi zetu pale Ziwani, hakuna aliyekuambia kwamba kukimbia ni mazoezi. Ulikimbia kwa sababu Mama alitema mate kwenye vumbi na kukuambia urudi na kiberiti kabla hayajakauka. Ulikimbia kwa sababu mwenye mpira alikuwa ameitwa nyumbani, na ulitaka kuupiga mara moja kabla hajaondoka nao. Viatu vilikuwa vya Jumapili. Ukivivaa Jumanne, watu waliuliza nani amefariki.

Tulikaa kwenye nyumba za chumba kimoja za halmashauri ya jiji, mlango kwa mlango, na jirani akipiga chafya kwake, Mama alimwombea afya akiwa kwetu. Wasichana tuliruka bladder, ile mipira ya ndani ya tairi iliyokatwa vipande virefu na kufungwa pamoja. Tulicheza kati, ule wa kukwepa mpira, na brikicho, ule wa kujificha, mpaka taa za barabarani ziwake, na zikiwaka, jina lako liliitwa kwa sauti ambayo hata watu wa mtaa wa Starehe waliisikia. Kama ulikuwa na senti ulinunua ngumu, yale mandazi makavu yaliyokataa kutafunwa. Watoto wa leo jino likilegea hupelekwa kwa daktari. Meno yetu yalibaki ndani ya ngumu, na tukaendelea kula upande wa pili.

Vita tulivijua kwa majina ya masoko tu. Vyondo, vile vikapu vya kusukwa, vilinunuliwa Kariokor, nyama ilinunuliwa Burma, na wazee walisema majina hayo yalirudi na watu waliokwenda kupigana. Sisi tulidhani Burma ni aina ya nyama.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Agosti, ya mapinduzi yaliyoshindwa, ambayo kila mtu wa rika langu anakumbuka alikuwa amelala chini ya kitanda cha nani. Sisi tulilala chini ya cha Mama. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa, na barua zake zilifika vizuri, ila zilifika zenyewe tu, bila pesa. Kwa hivyo ulinzi wa nyumba ulikuwa wa Mama, na silaha yake ilikuwa neno moja: "Lala!" Risasi zikilia upande wa mjini, alisema "Lala!" na tukalala. Zikinyamaza, tukaamka tukanywa uji. Hata mambo yalipotulia hakuacha. Angeweza kuwa anakaanga vitunguu kwa amani kabisa, ghafla anagonga sufuria kwa mwiko, na wa mwisho kulala alipewa mchuzi bila nyama.

Dada yangu Wairimu, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa wa kwanza kulala kila mara. Alikuwa wa kwanza kwa kila kitu kilichohusu mwili wake kwenda haraka. Shuleni kwetu, wavulana wakiwemo, watu waliujua mgongo wake kuliko uso.

Na mbio hizo hazikuwa mchezo. Kila mwaka kwenye mashindano ya shule za kanda yetu alikuja mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, mama mnene wa miwani, akakaa kwenye meza ya wageni bila kupiga makofi. Akiondoka, alikuwa amechagua wasichana wawili wa darasa la mwisho ambao shule yake ingewasomesha bila karo. Kwetu sekondari ilikuwa hiyo au hakuna. Mama aliuza vitunguu katika soko la Gikomba, na vitunguu vilitulisha na kutununulia sare, vikachokea hapo. Wairimu alijua kwamba asipochaguliwa, atakwenda Gikomba na gunia lake mwenyewe. Alikuwa na akili za hesabu, na usiku nilimsikia akijifundisha majina ya mifupa ya mwili.

Mwaka uliofuata ile Agosti, akiwa amebakisha mwaka mmoja, alikwenda kukimbia mita mia mbili. Shuleni, Mwalimu Barasa wa michezo alizoea kuanzisha mbio kwa kugonganisha mbao mbili. Huko kwenye kanda walikuwa na bastola. Hakuna aliyeifikiria tofauti hiyo. Wasichana wakapiga magoti mistarini, bastola ikalia, na Wairimu akalala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, vizuri kabisa kama alivyofundishwa. Wengine wawili wa mitaa yetu wakalala pia. Waliobaki wakakimbia, wakamaliza, wakapewa soda. Nilimtafuta Mama kwenye umati wa wazazi na sikumwona, kwa sababu naye alikuwa chini, amekumbatia kiondo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wairimu hakula. Aligeukia ukuta akalia bila sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko sauti. Mama aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipanguza, kisha akasema kama mtu anayesema kesho atapika githeri:

"Mimi ndiye niliyemfundisha kulala. Nitamfundisha kusimama."

Bastola ya kuanzishia mbio iliuzwa dukani mjini, kwa bei ya kitanda na godoro lake. Ya kanda haikuazimwa. Ndipo Mama alipomkumbuka mzee mmoja wa Shauri Moyo, karibu na Burma, tuliyemwita Afande ingawa jeshini alikuwa mpishi. Aliuza vitu ambavyo jeshi lilikuwa limevichoka: buti zisizo na kamba, makoti mazito yaliyopendwa na walinzi, vikombe vya bati, masanduku ya risasi ambayo maseremala waliyatumia kuwekea misumari. Chini ya meza, ndani ya soksi, alikuwa na bastola ya zamani ya jeshi la Mwingereza, ile ya kurushia mwanga wa ishara angani. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa chuma. Mpini haukuwepo, na springi ilikuwa imekata tamaa.

"Mama, sikudanganyi," Afande akasema. "Hii haiui hata panya."

"Basi punguza bei," Mama akajibu. "Sikuja kwa ajili ya panya."

Alilipa nusu kwa noti na nusu kwa vitunguu, na tukaipeleka nyumbani ndani ya kiondo, chini ya sukuma wiki. Karibu na Kariokor tulikutana na polisi wawili. Mama, mweka hazina wa akina mama kanisani, aliwasalimia na kuwauliza hali ya watoto. Mmoja aliisifu ile sukuma wiki.

Kuirekebisha ilikuwa kazi ya Fundi Saidi wa Pumwani, aliyetengeneza stovu za mafuta ya taa. Alipoiona alifunga mlango wa kibanda kwa hofu, kisha akaufungua, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na alitaka kuiona vizuri. Springi ilitoka kwenye kiti cha gari lililokufa. Skrubu zilitoka kwenye stovu mbili ambazo wenyewe walikuwa bado wanazisubiri. Mpini ulikuwa mwiko wetu wa ugali, uliokatwa katikati, na mpaka mwisho wa mwezi tulisonga ugali kwa nusu iliyobaki, tukiunguza vidole. Saidi alipomaliza alikuwa amechora ua kwenye mpini.

"Sikuagiza maua," Mama akasema.

"Ua ni bure, Mama Wairimu. Kitu kizuri kinataka heshima yake."

Baruti tuliyotumia ilikuwa ile ya karatasi nyekundu iliyouzwa kwa watoto Krismasi ikikaribia. Mlio wa kwanza ulikuwa kama wa mtu anayekohoa kanisani. Mama alimtazama Saidi. Saidi aliitazama dari, kisha akafunga mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia mbele ya bastola ili sauti ipate mahali pa kukua. Akajaribu tena, na kuku wa nyumba tatu wakapotea mpaka kesho yake. Mama akasema sasa hiyo ni bastola.

Tukaanza jioni iliyofuata, kwenye uwanja wa mtaa. Mwalimu Barasa akasema, "Kwenye mistari." Mama akainua chuma chake cha mwiko na mkebe kwa mikono miwili. Kikalia. Wairimu akalala.

"Simama," Mama akasema.

Akasimama. Kikalia. Akalala.

Watoto walijaa pembeni, wakapata sinema ya bure. "Niaje, wasee, cheki! Huyu dem anaogopa mkebe!" mmoja akawaita wenzake. Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni, mpaka siku moja Wairimu akakataa kuinuka. Alisema akiwa hapo hapo chini, mdomo kwenye nyasi:

"Mama, na wewe unainama."

Na kweli alikuwa akiinama. Sisi sote tulikuwa tukimtazama Wairimu, hatukuona. Kabla ya kufyatua, Mama alifumba macho, mabega yakashuka, na magoti yakaanza safari ya kwenda chini. Wairimu hakuwa akisikiliza mlio. Alikuwa akimwangalia mama yake.

Mama akaketi kwenye nyasi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Agosti, kwa sababu Agosti nilidhani yeye haogopi. Akaniita nikae karibu yake. Nikakaa, nikamshikia kitambaa chake cha kichwa.

Kuanzia siku hiyo Mwalimu Barasa alifyatua, na Mama akapewa kazi ngumu zaidi. Alisimama kwenye mstari wa kumalizia, akiangaliana na Wairimu, na kazi yake ilikuwa kubaki amesimama. Ilipolia alitikisika mwili mzima lakini hakushuka. Wairimu alishuka nusu. Jioni iliyofuata alishuka kidogo tu. Jirani yetu Mama Achieng' alikuja kulalamika kuhusu kuku wake, akakaa kutazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama naye anaweza kusimama pale, maana nyumbani sahani ikianguka yeye hutafuta uvungu. Akaja na mwenzake. Mwenzake akaja na dada yake. Baadaye kulikuwa na mstari mzima wa akina mama pale mwisho wa uwanja, mikono kifuani, wengine wamefumba macho, bastola ikilia na wao wakijitahidi kubaki wima. Wale watoto wa pembeni waliacha kucheka, maana mama zao walikuwa humo. Na Wairimu alikimbia kuelekea kwao.

Siku ya mashindano ya mwaka wake wa mwisho, yule mama wa miwani alikuwepo mezani. Wasichana wa mita mia mbili wakapiga magoti. Afisa akainua bastola ya kanda, akafyatua, na haikusema kitu. Akafyatua tena. Akaitikisa, akachungulia mdomoni mwake, jambo ambalo hata sisi tusiokuwa na masomo tuliona si sawa. Baruti ilikuwa imeingia maji. Wakaanza kutafuta filimbi.

Hapo Mama akaona haya mazoezi yote yanakwenda bure, maana Wairimu alifundishwa bastola, hakufundishwa filimbi. Akavuka kamba, akaingia uwanjani kwa hatua za mtu anayechelewa ibada, akatia mkono kwenye kiondo na kutoa bastola.

Umati ukalala. Mstari wa mbele wa waheshimiwa ulilala wote kwa pamoja, na mwalimu mkuu wa miwani akaingia chini ya meza ya vikombe. Wanariadha wakalala mistarini. Waliobaki wima uwanja mzima walikuwa Mama, Wairimu, Mwalimu Barasa, na akina mama wa Ziwani, wamejipanga na mikono kifuani.

"Ni ya mbio," Mama akamwambia yule afisa aliyekuwa chini. "Ishike kwa mikono miwili."

Afisa akaamka, akaigeuza, akaiangalia. "Mama, huu si mwiko?"

"Ulikuwa."

Watu wakajipanguza, mbio zikapangwa upya. Ilipolia, wasichana wawili walilala. Wairimu aliondoka. Hakushinda, alishindwa kwa hatua moja na msichana mrefu mwenye viatu vya misumari, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanikimbia kwa siku kadhaa.

Mwalimu mkuu alikuja kwetu akiwa bado na majani kwenye sketi.

"Huyu wa pili ni wako?"

"Ni wangu," Mama akasema.

"Alete sanduku Januari. Na hicho kitu kibaki nyumbani."

Wairimu akaondoka Januari. Wiki ile ile tairi la lori lilipasuka Gikomba, na Mama akalala katikati ya vitunguu vyake. Nilipomsaidia kuinuka nilimuuliza kama si alikuwa amejifunza kusimama. "Hiyo ilikuwa ya Wairimu," akasema, akaanza kuokota vitunguu.

Siku hizi watoto wetu wanalipa pesa wakimbie juu ya mashine isiyokwenda popote, na wana viatu vya kila siku ya juma. Siwaonei wivu sana. Juzi tulikuwa nyumbani kwa Wairimu, ambaye sasa ni daktari wa mifupa na magoti yake mwenyewe yamechoka. Wajukuu wa Mama walikuwa wakicheza mchezo wa vita kwenye simu, sauti wameiunganisha na spika kubwa, wakiua watu bila kupepesa macho, mkono mmoja kwenye chipsi. Risasi zikamiminika sebuleni. Mama, ambaye sasa tunamsaidia hata kupanda ngazi, akateleza kutoka kwenye kochi mpaka chini akalala.

"Shosho, ni game tu!" wakamwambia, wakicheka.

Wairimu akaweka kikombe chake mezani. Akapiga magoti polepole, akalala kwenye zulia kando ya Mama, wakatazamana. Nami nikashuka.

"Wameacha?" Mama akauliza.

"Bado kidogo," Wairimu akasema, akamwekea mkono mgongoni.