Samaki wa Bi Harusi

Kuna alasiri moja ya Ramadhani, mwanangu, nikiikumbuka hata leo masikio yanapata moto. Nilikuwa bi harusi wa miezi miwili, kwa wakwe zangu Temeke. Temeke ya wakati huo ni minazi na mashamba ya muhogo, nyumba unazihesabu. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, anashinda kwenye meli za Waingereza. Nyumbani tulikuwa tunabaki wanawake watatu: mie, mama mkwe, na wifi yangu Mwanaidi, mwenye mdomo usiopumzika.

Mie nilianza kufunga mdogo. Kwetu sikuwahi kula mchana wa Ramadhani bila udhuru, na nilikuwa najivunia hilo, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, kwa wakwe ndipo nitakapoonekana nimelelewa.

Sie wanawake tulikuwa tunakula sinia moja. Ugali wa muhogo, au wali ukipatikana, na samaki katikati. Nilikuwa nimefundishwa kwamba bi harusi hajipeleki kwenye kitoweo. Basi mama mkwe akinikatia kipande, nakisogeza kwa Mwanaidi. Kunde nachovya mchuzi tu. Nikiulizwa nasema, "Nimeshiba, mama." Uongo mtupu. Nikitoka hapo naingia jikoni namalizia muhogo wa kuchemsha na chai ya sukari nyingi, mpaka nashindwa kuinama.

Mwanaidi hakosi la kusema. "Wifi, muhogo wote huo unaupeleka wapi? Au kuna makuli wenzie kaka umewaficha chumbani?"

Tunacheka. Lakini jua likipanda kidogo tu njaa imesharudi. Daku nimekula mlima, saa nne asubuhi nawaza futari. Na cha ajabu, sikuwa nakonda. Kanga ilianza kunibana kiunoni, mashavu yakaumuka, hata majirani wakawa wanampongeza mama mkwe kwamba mjukuu yuko njiani. Hakukuwa na mjukuu yeyote. Nguvu ndiyo kwanza zinapungua. Ndoo moja ya kutoka kisimani naitua mara mbili njiani.

Siku ya kumi na moja nilikuwa uani nakuna nazi ya futari. Sikusahau kama nimefunga, mwanangu, sitaki kukudanganya. Nilijua. Nikachota kiganja cha nazi, nikatia mdomoni, nikatafuna. Kuinua kichwa, mama mkwe kasimama mlangoni.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama."

Nikangoja kelele. Nilishajiona narudishwa kwetu, baba anaulizwa alinifundisha nini. Yeye akavuta kigoda, akakaa.

"Funga kinywa mpaka magharibi. Siku hii utailipa, na toba utaomba mwenyewe. Sasa niambie. Samaki wa jana, fungu lako lilikwenda wapi?"

"Nilimpa wifi."

"La juzi?"

"Wifi."

"Na kunde?"

Nikarudi kukuna nazi.

"Kwani kuna nini?"

"Naona haya, mama."

Akanitazama sana. "Haya nimekuona nayo, sikulaumu. Lakini haya gani hiyo, inakunyima samaki usiku ikakulisha nazi mchana?"

Daku iliyofuata alinipakulia sahani yangu peke yangu. Kunde zilizoungwa nazi, kipande kikubwa cha samaki kibua, na ugali kama ngumi. Nikaogopa.

"Mama, ugali huu mdogo. Nitafika kweli magharibi?"

"Mwongeze muhogo, mama," Mwanaidi akadakia, "wale makuli watalala na njaa."

"Nyamaza wewe! Samaki wa mwenzio umewala mpaka unakaribia kuota magamba."

Nikala mbele yao, macho chini. Kesho yake nikafua, nikachota maji, mara nasikia adhana ya adhuhuri. Nikashtuka. Tangu asubuhi sijawaza chakula. Njaa ilikuja baadaye, ile ya kawaida, ambayo mtu unaivumilia. Sisemi siku zote zilikuwa nyepesi, kichwa kiliniuma mara mbili tatu. Lakini sikula tena mchana, na muhogo wa jikoni nikauacha bila kujilazimisha. Idi inafika, kanga inanizunguka vizuri, na ndoo naifikisha nyumbani bila kuitua.

Miaka hii nilipoanza kisomo cha jioni, mwalimu alitueleza habari hizo hizo. Samaki, kunde, mayai na maziwa aliviita vyakula vya kujenga mwili. Alisema vinatuliza hamu kwa muda mrefu, na mwili unatumia moto mwingi zaidi kuviyeyusha kuliko muhogo na sukari. Usipovipata vya kutosha, unaendelea kutafuta cha kula, na kile kinachozidi mwili unakiweka mafuta. Nikanyoosha mkono nikasema hilo nalijua, nimefundishwa na mkwe wangu asiyejua kusoma. Darasa zima likacheka. Lakini mwalimu akatuonya: samaki si dawa. Ukimla halafu ukamwekea na mlima wa wali juu yake, utanenepa vilevile.

Kuna jambo moja mwalimu hakulifundisha. Mama mkwe hakumwambia mtu habari ya ile nazi, hata mwanawe. Baada ya Idi nikaamka kabla ya alfajiri kuilipa siku yangu, nikamkuta naye jikoni anakula daku.

"Mama, na wewe unalipa?"

"Silipi kitu. Nakusindikiza."

Basi mwanangu unayekwenda kwa watu, kula fungu lako la kitoweo. Lile kwa adabu, lakini lile. Siku hakuna samaki, kuna kunde, kuna choroko, kuna dagaa. Anza na hivyo, ugali ufuate kwa kiasi. Usipime afya yako kwa kanga inayobana. Na Mungu akikufikisha kuwa mkwe wa mtu, litazame sinia, ujue nani hajagusa kitoweo, umkatie wewe mwenyewe.

Mola akupe riziki ya halali na mwili wenye nguvu za kumwabudu. Akuweke kwa watu watakaoiona njaa yako kabla hawajaliona kosa lako. Amina.