Kwa Bi Salhiya, mkubwa hashiki waya

"Toa hicho kitu!"

"Bi Salhiya, nisikilize kwanza..."

"Nshakusikia. Kitoe."

Haitham Miraji, mwanafunzi wa kidato cha sita, hatoi kitu. Ameikumbatia ndoo ya plastiki kifuani kama mtu anayeogopa kuporwa. Ndani ya ndoo kinang'aa kifaa kipya alichokinunua Darajani, kimefungwa kwa skrubu ndogo nadhifu.

"Ya Rukaiya jana imegoma mara mbili," anasema. "Hii inalia kila ukijaza maji. Wageni wako njiani. Tuwaoneshe kitu kilichokufa?"

"Hiyo si yangu," inajibu sauti kutoka chini ya meza. "Yangu ilikuwa na ndala."

Mwenye sauti ni Rukaiya Anuar wa kidato cha kwanza. Amepiga magoti, anapekua boksi la takataka akitafuta vipande vya kazi yake. Juu ya meza kipo kibao chenye jina lake. Ameshasema hatasimama nyuma ya meza hiyo.

Ni alasiri katika ukumbi mmoja wa Mkunazini, Mji Mkongwe, siku ya mwisho ya mafunzo ya likizo. Watoto wanakimbizana na gundi na mikasi. Redio moja inakoroma, taa moja inawaka na kuzimika, na kila mtu anapiga kelele kumwambia mwenzake anyamaze.

Katikati yao amesimama Bi Salhiya Makungu, mikono kiunoni. Ni mtunza maabara wa skuli moja ya sekondari mjini. Kazi yake ni kuosha chupa, kupanga vifaa na kuhakikisha gesi imefungwa kabla mtu hajaondoka. Skuli zikifungwa katikati ya mwaka, badala ya kupumzika, huwakusanya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na kumpa kila mmoja mtoto wa darasa la sita au kidato cha kwanza. Hapa wanaitwa wakubwa na wadogo.

Kila jozi hutafuta kero moja ya nyumbani na kutengeneza kitu cha kuiondoa. Mdogo ndiye mtengenezaji. Mkubwa huuliza, husikiliza, hueleza, lakini mikono yake hukaa nyuma.

"Mimi nimesoma chuo Mangapwani," anasema Bi Salhiya, akimaanisha chuo cha Kurani. "Maalim alikuwa mmoja na sisi tumejaa hadi barazani. Kila mkubwa alipewa mdogo wa kumsikiliza. Mdogo akikwama, mkubwa anangoja. Ukimtajia neno kabla hajajaribu, Maalim anakurudisha nyuma wewe, si yeye. Nimechukua palepale."

Gundi, waya na maandazi ya saa nne hutoka kwenye mshahara wake na kwa wazazi wenye uwezo. Kitu asichoweza kukitoa popote ni nafasi. Maabara hufungwa wakati wa likizo. Ukumbi huu ni wa jumuiya ya wazee wa mtaa, na wamemwazima kwa majaribio. Leo anakuja msimamizi wa ukumbi, Mzee Talib, kuamua kama watoto watarudi Desemba.

"Akikataa, sina pa kuwaweka," anasema. "Ndiyo imekwisha."

Haitham, mkubwa wa Rukaiya, analijua hilo, na ndilo lililomponza. Asubuhi aliwahi kuja peke yake, akang'oa kazi ya Rukaiya na kuweka yake.

"Nilitaka meza ya kwanza ipendeze," anasema kwa sauti ya chini. "Huyu kwangu ni kama mdogo wangu. Angeaibika mbele za watu ningeumia mimi."

"Umeshamuaibisha," Bi Salhiya anamkata. "Kitoe, na mikono nyuma."

Haitham anakitoa. Rukaiya anatoka chini ya meza, utosi umejaa vumbi, ndala mkononi.

Kero yake ni tangi. Familia yake inaishi chini ya jirani mwenye tangi juu ya paa. Maji yakija, jirani huwasha pampu na kusahau, na tangi likifurika maji humwagika kwenye kamba ya nguo ya kina Rukaiya.

"Siku ya Idi nimeanua nguo zimelowa kuliko nilivyozianika," anasema mama yake, Bi Shadya, aliyekuja mapema kukamata kiti cha mbele. "Nshachoka kupanda ngazi kugombana na watu."

Dawa ya Rukaiya ni kipande cha ndala kinachoelea. Maji yakipanda, ndala inapanda nayo, inasukuma waya mmoja ukutane na mwenzake, na kengele inalia kumkumbusha jirani azime pampu. Ikipenda.

Rukaiya bado anafunga waya wa mwisho Mzee Talib anapoingia, kofia imenyooka, bakora mkononi.

"Shikamoo babu!" ukumbi mzima unapaza sauti.

"Marahaba. Nani mkubwa hapa, anieleze?"

Anamwelekezea bakora Haitham. Haitham anampisha Rukaiya.

"Muulize mwenyewe, Mzee," anasema. "Mimi nimesikiliza tu."

Rukaiya anaeleza. Anamimina maji kwa jagi. Ndala inapanda, kengele inalia kwa sauti kali hata Bi Shadya anashtuka, na watoto wanapiga makofi. Mzee Talib hapigi.

"Wamekuja hapa watoto wengi," anasema, "wamekariri vizuri, wageni wakitoka hakuna anayejua kitu." Kisha anaingiza mkono ndani ya ndoo, anavuta waya hovyo na kuuzungusha mara mbili. "Haya. Nimekiharibu. Kifanye kilie."

"Babu!" Rukaiya anapiga ukelele. "Mwenyewe nimehangaika!"

"Ndiyo nataka kuona unavyohangaika."

Watu wanaangua kicheko. Rukaiya hacheki. Anamimina maji, kengele kimya. Anagusa betri, kimya. Haitham nyuma yake amekunja ngumi hadi vidole vimebadilika rangi.

"Ndala imepanda?" anauliza.

"Imepanda."

"Kwa hiyo?"

Rukaiya anainama, jicho karibu liguse maji. "Imepanda upande! Babu ameupinda waya, nyaya hazikutani!" Anaunyoosha kwa meno, anaurudisha, anamimina tena.

Kengele inalia. Safari hii hakuna wa kuizima. Wadogo wanaruka, wakubwa wanaruka zaidi, na Haitham amesahau mikono yake iko wapi, ameiweka kichwani. Bi Shadya anapiga vigelegele kama yuko arusini.

"Njoo unifungie na mimi," Mzee Talib anamwambia Rukaiya. "Na mimi nina tangi, na majirani zangu wana midomo." Anamgeukia Bi Salhiya. "Desemba unataka kuleta wangapi?"

"Mara mbili ya hawa. Wengine watoke shamba, Jozani na kwetu Mangapwani, wakae kwa jamaa zao mjini."

"Hawatoshi. Nusu ya ukumbi ni makochi ya jumuiya."

"Nani anayakalia?"

Mzee Talib anayatazama makochi, yamepangwa hadi ukutani na kufunikwa mashuka.

"Hakuna," anakiri. "Jumuiya nitasema nayo mimi. Yatoke."

"Lini?"

"Unauliza lini, na vijana wote hawa wamesimama?"

Bi Salhiya hangoji aambiwe tena. "Wakubwa! Wanne wanne, kila kochi! Wadogo, fungueni milango yote miwili!"

Kochi la kwanza linakwama mlangoni. Haitham anasukuma kutoka ndani, Rukaiya anaelekeza kutoka nje, "Inueni kushoto, kushoto!", na Mzee Talib ameegemeza bakora yake ukutani, ameshika mguu wa kochi kwa mikono yake miwili, anavuta.