Injini ya Kaka

Kaka yangu aliondoka nyumbani kwetu Uru asubuhi ya mvua, amevaa koti la baba, na neno la mwisho alilotuachia halikuwa kwaheri. Alisema tusiguse injini yake. "Nitakuja na vyuma vyake kutoka Nairobi," alisema. "Nitaitengeneza mwenyewe."

Ilikuwa injini ya treni ya kuchezea, ya bati zito jeusi, ya kutiwa ufunguo kama saa. Baba alikuwa mfungaji wa mabehewa stesheni ya Moshi, na Mzungu aliyekuwa msimamizi wake alipofungasha kurudi kwao baada ya Uhuru, alimpa vitu ambavyo hakuona sababu ya kuvipakia: birika, viti viwili, na hiyo injini ya mwanawe, ambayo tayari ilikuwa mbovu. Magurudumu ya mbele hayakuwepo. Ufunguo haukuwepo. Springi ilikuwa imekatika, na ule mkono wa chuma unaoyashika magurudumu yaende pamoja ulikuwa umepotea. Mimi ningeitupa migombani. Kaka aliipenda mpaka akatuchosha. Aliigeuza tumbo juu, akachungulia, kisha akatueleza kinachokosekana kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Naamini ndiyo iliyompeleka kwenye karakana ya reli kule Nairobi, siku zile ambazo mtu alipanda treni Moshi akashuka Voi bila kufikiria mpaka.

Miaka ya mwanzo alirudi kila Krismasi, kama Wachaga wote wanavyorudi mlimani. Kila mwaka alisahau vyuma. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na yeye akabaki upande wa pili. Baba alifariki tukamzika bila yeye. Waliovuka kwa njia za panya kule Rombo walituambia wamemwona, amenenepa, ana mke. Habari hizo zilimfurahisha mama. Mimi zilinichoma. Kama wao wanavuka na katoni za sabuni mgongoni, yeye alishindwa nini na mikono yake mitupu?

Mama hakutaka kusikia hayo. Injini ilikaa katika kabati la vyombo, na kila mgeni aliambiwa kwamba mwenyewe anakuja kuitengeneza. Hilo ningelivumilia. Lakini macho yake yalianza kuingia ukungu, la kushoto kwanza, halafu la kulia, na nilipomwomba ashuke mjini nimpeleke hospitali kule Mawenzi, alikataa. "Nikilazwa huko, naye akija? Akute mlango umefungwa?" Nilipandisha sauti, naye akapandisha yake. Alikuwa tayari kupofuka kuliko kuondoka mlangoni siku mbili.

Ndipo nilipoamua kuitengeneza mimi. Nilikuwa nashona nguo Majengo, mjini Moshi, nimepanga chumba kimoja na cherehani yangu, na sikujua lolote kuhusu injini. Nilichojua ni kwamba chuma hicho kibovu kilikuwa kimemfunga mama. Kikipona, nilijiambia, hatakuwa na cha kusubiri. Nilimwambia naichukua. Nikaifunga kwa khanga haraka kabla hajapata jibu.

Jirani yangu Majengo alikuwa fundi saa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea injini mezani. Aliifungua parafujo, akanusa, akaniangalia.

"Binti, humu mlikuwa mnakaanga nini?"

Ndani ya tumbo la injini kulikuwa na tabaka la mafuta yaliyoganda, rangi ya chai, yameshika majivu na manyoya ya paka. Nilitambua harufu ile papo hapo. Ilikuwa samli ya mama. Kumbe kila alipopiga deki ya Krismasi alikuwa akiipaka injini samli, kama alivyotupaka sisi tulipozaliwa ili ngozi isipasuke kwa baridi ya mlimani. Hakumwambia mtu. Fundi alicheka hadi akavua miwani. Nami nilicheka, kisha nikarudi kwenye cherehani yangu na sikuweza kushona mshono ulionyooka siku hiyo.

Mafuta ya taa ya kuisafishia niliyapangia foleni, maana kila kitu wakati ule kilikuwa cha foleni. Tulipoitoa samli yote, meno ya gia yalikuwa mazima, hayana kutu hata kidogo. "Mwambie mama yako asirudie," fundi alisema, "lakini ameiokoa."

Springi tuliipata katika saa ya kengele iliyokufa. Ufunguo ulikuwa wa saa ya ukutani, tukaupanua tundu kwa tupa. Mkono wa magurudumu ulitokana na spoki ya baiskeli iliyopondwa ikawa bapa. Magurudumu ndiyo yaliyotutoa jasho. Yalitakiwa ya shaba, na msimu ule watu walikuwa wakikamatwa kwa kuficha bidhaa, kwa hiyo mwenye kipande cha shaba alikikana kama mwenye bangi. Nilizunguka maduka na magereji, nikafukuzwa kwa adabu na bila adabu. Mwishowe fundi mmoja wa kukereza vyuma alinitolea bomba la maji la shaba lililovunjika kutoka chini ya gunia la pumba, nami nikamshonea mwanawe sare ya shule. Magurudumu ya kwanza hayakulingana. Injini ilichechemea ikizunguka palepale kama mlevi wa mbege, na ikabidi akereze mengine.

Nilianza kwa hasira, lakini hasira haikudumu. Jioni, baada ya kufunga kazi, nilikuwa naigeuza injini tumbo juu na kuchungulia. Nikaona jinsi gia ndogo inavyoisukuma kubwa, na kubwa inavyousukuma mkono. Nikajikuta nikisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Kumbe ulikuwa unatazama hiki." Nilimkumbuka kaka. Nilitaka aje anikaripie kwa kuigusa.

Halafu mpaka ukafunguliwa. Krismasi ilikuwa karibu, na magari yakaanza kupanda mlimani na watu ambao tulikuwa tumewahesabu kama waliopotea. Majirani walipokea watoto wao na wajukuu wasiojua Kichaga. Mama aliketi mlangoni akisikiliza kila gari linalobadili gia kwenye kona ya chini. Injini ilikuwa tayari, iko ndani ya mfuko wangu, nami sikuitoa. Nikasema ngoja, huenda akaja; mama aendelee kudhani ni mbovu kama alivyoiacha.

Mkesha wa Krismasi, alasiri, gari la mwisho lilipita bila kusimama. Niliingia jikoni, nikaitia ufunguo, nikaiweka mezani mbele ya mama. Ilikwenda moja kwa moja, ikilia tikitiki, na yeye aliyekuwa haioni akaifuata kwa sikio, akaikinga kwa kiganja kabla haijaanguka. Magurudumu yaliendelea kuzunguka chini ya mkono wake.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi, mama. Na fundi wa Majengo."

"Siyo yeye."

"Siyo yeye."

Alikaa nayo hadi springi ikaisha nguvu. Hakunigombeza.

Kesho yake tulichinja mbuzi. Kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila mtu ana kipande chake kwa nafasi yake katika ukoo, na ukikosea utasemwa mwaka mzima. Fungu la mtoto wa kwanza wa kiume mama alikuwa akilitundika juu ya moshi wa jiko miaka yote hiyo, likakauka likawa kama gome la mti, mpaka Kwaresma ilipofika tukawapa mbwa. Baba mdogo alikata kama kawaida, akampa mama fungu hilo alitundike. Mama alipapasa akanipata bega, akaniwekea nyama mkononi.

Baba mdogo alikohoa. "Shemeji, hilo ni la mwanaume."

"Najua ni la nani," mama alisema. Akanigeukia. "Kula, mwanangu. Sikukuu zikiisha unipeleke Mawenzi, nikatazamwe haya macho."

Ndicho nilichokitafuta mwaka mzima, nimekipata. Nikatamani kumwambia alitundike tena, mara moja tu, huenda gari lake limeharibika njiani. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama. Nililila fungu lote, na kila nilipomeza nilimwomba kaka atokee mlangoni aninyang'anye.