Punda Amenichongea kwa Mke Wangu

Jamani, leo nimeumbuliwa na punda.

Jumamosi kuna mbio za punda hapa Kwamsisi. Punda wangu, Mwendokasi, aliumia mguu, akapumzika wiki tatu nzima. Tangu apone, kila asubuhi nampeleka mazoezi hadi kisimani na kurudi.

Ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Tena kwa kiapo.

Leo akasema anakuja na baiskeli ajionee mwenyewe kama punda anafaa, au tujitoe mapema kabla ya aibu.

Nikapanda. Mwendokasi akatoka mbio hadi mimi mwenyewe nikaogopa!

Tulipofika kibanda cha chapati cha Mama Zaina, akasimama ghafla. Nikamhimiza, wapi!

Mama Zaina, bila kuulizwa, akatoka na sahani.

"Leo umechelewa, baba Asha. Mbili zako na maharage, hii ya punda kama kawaida."

Mke wangu akashuka kwenye baiskeli taratibu.

"Kumbe kisima kimehamia hapa?"

Haya, chekeni. Ila uamuzi umeshatoka, wala si wangu: tunashiriki. Mke wangu amemwomba Mama Zaina, Jumamosi akapikie chapati zake kwenye mstari wa kumalizia.