Kamioneti ya Tata Ramazani Iliyokosa Pumzi

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi kule Kolwezi, mwanangu, ilipobakia kidogo tu nimwone baba yangu mdogo akiuza riziki yetu kwa bei ya vyuma. Nimesikia unataka kung'oa boksi la chujio la hewa la gari lako, ufunge chujio la wazi linalonguruma. Sikukatazi, gari ni lako. Ila kaa kwanza unisikilize, chai bado ipo.

Nchi ilikuwa ikiitwa Zaïre wakati huo. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, na nilikuwa dereva wa Tata Ramazani, mdogo wake baba yangu; tata kwetu ni baba. Kamioneti yake moja ililisha nyumba mbili: tulipeleka chumvi na sabuni Mutshatsha, tukarudi na makala, makaa ya kupikia. Tata alikuwa mtu wa kupenda kupendeza. Abakosti yake, ile suti isiyovaliwa na tai, haikuwa na mkunjo hata siku ya kupakia magunia.

Basi mfanyabiashara mmoja akamletea kutoka Zambia chujio jipya la hewa. Lile la kiwandani lilikuwa boksi jeusi lisilo na sura, lenye karatasi ndani, na bomba refu la kuvuta hewa ya nje. Hili jipya lilikuwa sponji tupu chini ya kifuniko kinachong'aa, limekaa juu ya injini bila boksi wala bomba. Ukikanyaga mafuta, mtaa mzima ulijua Tata Ramazani anapita. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sponji ile ilitaka kupakwa mafuta ya injini ili ikamate vumbi. Mafuta hayo yalikuwa haba siku zile, na kidogo tulichopata kilikwenda ndani ya injini. Tata akaona mafuta ni mafuta. Akapaka mawese, yaleyale ya kupikia mboga ya sombe, na mimi ndiye niliyemshikia chupa.

Kukiwa na joto, gari lilikwenda vizuri tu. Ikaja miezi ya baridi, na baridi ya Katanga asubuhi huwezi kuifanyia mchezo. Gari likaanza kuugua: linawaka, linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazima. Jua likipanda, linapona. Tata alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akahangaika na kila kitu isipokuwa kile kipya. Nani angeshuku kitu kinachong'aa vile? Mwisho akakata tamaa, akamwita Tata Mbuyi, muuza vipuri, aje alichukue alikatekate.

Asubuhi hiyo Mbuyi alishafika na alikuwa ameinama kwenye injini. Mimi nilikaa mlangoni na kikombe, nikiwaza mke wangu nitamlisha nini. Mama Mwavita, mke wa Tata, akatoka jikoni na chupa ya mawese, akaiweka juani kama alivyofanya kila asubuhi ya baridi. Mawese yalikuwa yameganda, hayamiminiki. Nikaitazama chupa, nikalitazama gari, nikaruka nipige kelele.

Mama akanidaka mkono.

"Unaenda kusema nini?"

"Mama, gari haikufe! Ni ile mawese yenye Tata alipakaa!"

"Unasema vile mbele ya mugeni? Ule ni tata yako. Umuite pembeni, umuonyeshe, umuachie yeye mwenyewe aseme."

Alisema kwa upole, lakini nilinywea. Nilikuwa na ukweli mdomoni, na kwa haraka yangu ningeutumia kumpiga nao mzee. Nikaenda taratibu kwenye gari, nikalifungua lile chujio, kisha nikamwita Tata.

"Tata, naomba ukuje kidogo huku."

Nikampa lile chujio mkononi. Akaibonyeza sponji, ilikuwa ngumu kama sabuni ya mche. Akaitazama chupa iliyokuwa juani. Kisha akaingia kwenye gari, akawasha bila chujio. Injini ikashika mara moja, ikatulia, bila moshi.

Mwanangu, nilikaa chini palepale nikacheka huku machozi yananitoka, na Mama Mwavita akawa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Tata akashuka, akamgeukia mgeni.

"Tata Mbuyi, unisamehe, gari haiuzwe. Injini iko muzima. Mi mwenyewe njo niliifunga pua na mawese."

Mbuyi alicheka mpaka akashikilia boneti, na Tata akacheka naye. Chai ikaongezwa.

Baadaye Tata alipata mafuta yenyewe, akaiosha sponji na kuipaka inavyotakiwa, akayapima machujio yote mawili: kilima kilekile, magunia yaleyale. Gari likiwa tupu, la wazi lilichangamka kidogo. Likiwa na mzigo hatukuona tofauti, ila kelele. Na tuliporudi kutoka Mutshatsha, alipitisha kidole kwenye mdomo wa kabureta: chini ya lile la wazi vumbi jekundu, chini ya boksi jeusi safi. Chujio linalong'aa akampa dereva wa teksi wa mjini, kwenye lami, na huko lilimfaa kweli. Sisi tulibaki na boksi letu, na gari likatulisha miaka mingi.

Ndiyo maana nakuambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Kifaa cha kuongeza si kibaya, lakini kijaribu kwenye njia yako na mzigo wako, usikipime kwa sikio. Gari likianza kuugua, anza kuchunguza ulichobadilisha mwisho, hata kama ndicho unachojivunia. Na ukiuona ukweli ambao mkubwa wako hajauona, mpelekee pembeni. Tata aliusema mwenyewe mbele ya mgeni kwa sababu aliachiwa nafasi ya kuusema. Ningempigia kelele, angeliuza gari lile kwa hasira, na wewe ungezaliwa kwenye njaa.

Haya, nenda na Mungu, mwanangu. Akufikishe wewe na mzigo wako, na siku utakayokosea, akujalie wa kukuambia kwa sauti ya chini.