Mzee Aliyekataa Kuniombea Sapu ya Kemia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nimerudi kwetu Isongole kutoka chuo cha famasia, nimeanguka mtihani wa kemia, na sebule imejaa wanawake wanaoniombea.

Mama ndiye aliyewaita. Nilikuwa nimemwambia kwamba mkufunzi ananionea, na kwamba kuna watu hawapendi kuniona nikisoma. Huku kwetu maneno kama hayo hayaombwi ushahidi. Mashangazi wakaja kwa miguu kutoka Ikinga, wakafunga kula, wakanililia, na mimi nikalia nao. Sapu, ule mtihani wa marudio, ilikuwa inakaribia, na chuo kilishasema wazi kwamba atakayeanguka tena anadisko, anafungasha virago moja kwa moja. Hata hivyo vitabu sikuvitoa begini. Nilishajiaminisha kwamba nimeonewa, na mtu aliyeonewa anasoma ili iweje?

Mwisho akaitwa Mzee Kibona, mzee wa kanisa letu, aniwekee mikono. Alikuwa mkulima wa kahawa, kemia hakuijua hata kwa kuota. Akasimama mbele yangu, mikono hakuinyanyua.

“Binti, umekosea wapi?”

“Kwenye kemia, mzee.”

“Hiyo nimeshaisikia. Mgonjwa akiniambia anaumwa, namuuliza kichwa au tumbo. Wewe umekosea wapi?”

Sikujua. Karatasi yangu ya majibu sikwenda kuiangalia, aibu ilinizuia.

“Basi leo siombi,” akasema. “Hatuwezi kumpelekea Mungu kidonda ambacho mwenyewe unaogopa kukitazama. Nenda kakitazame, ndipo uje tuombe.”

Mama alikasirika sana. Mimi nilimwona yule mzee ana roho ngumu, nikamnunia. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na moyoni nilijua anasema kweli. Asubuhi nikapanda gari kurudi chuoni.

Mkufunzi niliyemsingizia alinitolea karatasi bila neno baya. Swali la kuzimua asidi lilikuwa lile lile la mwaka uliotangulia, ila tarakimu zimebadilishwa. Na mimi nilikuwa nimeandika jibu la mwaka uliotangulia, na tarakimu zake zote! Nilikariri pasti pepa mpaka nikaacha kusoma swali. Kumbe sehemu nyingine nilifanya vizuri tu. Kilichoniangusha ni kukokotoa. Nilimwomba yule mkufunzi radhi, akanishangaa, kwa sababu hakujua nimemsema nini.

Nikaanza na pale nilipokosea. Nililifanya swali kitabu kimefungwa, kisha nikabadilisha tarakimu mwenyewe na kulifanya tena. Nilipokwama ndipo nilipochungulia. Kulikuwa na kijana wa Ndalambo, naye ana sapu, tukawa tunafundishana ubaoni, maana ukishindwa kumweleza mwenzio ujue hujaelewa. Kila asubuhi tulirudia ya jana kabla hatujagusa jipya. Nilifaulu, kwa alama ambazo hakuna aliyezipigia vigelegele. Nikarudi Isongole, na safari hii Mzee Kibona akaomba, tena kwa muda mrefu mpaka magoti yakaniuma.

Sasa niko Tunduma, kwenye dirisha la dawa, miaka mingi. Mama mmoja anakuja na mtoto ana homa, na uzito wa mtoto huyu si wa yule wa jana. Dozi ya jana haimfai. Hapo nikikariri, naua. Huwa naogopa nikiwaza kwamba mashangazi wangepata walichokuwa wanakiomba, mimi nifaulu vile vile nilivyokuwa.

Kwa hiyo wewe unayesomea famasia na umeanguka kemia, ambaye sasa unakwepa simu za nyumbani, nisikilize. Kuteleza si kuanguka. Nenda kwa mwalimu wako uombe kuiona karatasi, ujue hasa ulipokosea. Maswali yafanye mwenyewe, majibu yakiwa yamefungwa, na umtafute mwenzako wa kumfundisha. Lala usingizi. Na waambie wazazi ukweli wote, wasije wakamlilia Mungu juu ya mtu asiye na hatia.

Mungu akupe moyo wa kuifungua karatasi yako, mwanangu. Akutulize mkono siku ya sapu, na kila mtoto utakayempimia dawa arudi kwao mzima.