Genge la Karanga

Enzi zetu, kabla dunia haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, sinema ilitufikia kijijini kwa gari, mara moja kwa mwaka, tena barabara ikikubali. Kwanza filamu ya serikali ilitufundisha kuchimba choo. Kisha, sijui nani alikosea mkanda, wakaletwa Wamarekani: wahuni wa mjini wenye kofia, wanapokonyana mkoba mmoja na kuuana kwa ajili yake.

Wazee, ambao kwao mwizi ni wa ng'ombe, hawakuridhika. Baba alisonya, akamgeukia jirani: "Mura, wezi gani hawa? Hata ndama hawana!"

Lakini mimi na Nyangi, rafiki yangu wa darasa la nne, tulikwisha kuharibika. Kesho yake tulitembea tukiyumbisha mabega, mabua ya mtama mdomoni badala ya sigara, tukiongea kwa upande mmoja wa mdomo hadi mama akaniuliza kama jino linaniuma. Genge likahitaji kazi. Nyangi akachagua karanga za shamba la ujamaa.

"Shamba ni la wote," alisema. "Kwani sisi si wote?"

Tulikamatwa mchana kweupe, tumekaa palepale shambani tunakula, maana sinema haikutufundisha kukimbia kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alipenda siasa kuliko ugali. Alituita mbele ya watu, akafikiri, akatamka: "Mali ni yenu, kwa hiyo mmejiibia wenyewe. Basi jichapeni wenyewe. Tatu tatu." Akatukabidhi fimbo moja tuchapane kwa zamu. Watu wakacheka sana.

Nyangi alianza. Aliinua fimbo juu kabisa, akaishusha mgongoni kwangu kama anayefukuza nzi, akanikonyeza nilie. Nililia vizuri mno. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti alinikazia macho, nami nikaogopa. Nilimchapa Nyangi kwa nguvu zangu zote, mara tatu. Hakulia. Alinitazama tu, akaenda kwao, na Jumatatu akahamia dawati lingine.

Siku hizi nikienda Nyamongo kuwaona wajukuu, nawakuta wameinamia simu, wametazama majambazi kumi kabla ya chai. Nawacheka. Hawa hata karanga hawawezi kuiba. Kung'oa kunataka mikono miwili, na mmoja umeshika simu. Lakini nawaonea wivu pia, maana sinema zao zikiisha, marafiki zao bado wapo. Mimi niliona ya majambazi moja tu, na mpaka leo tukikutana sokoni, Nyangi hunipa mkono na kuniuliza habari za watoto, kwa adabu kabisa, kama anavyomuuliza mgeni.